Lugha ya Fisi

Jumatatu, 4 Machi
Nimebuni lugha ya kompyuta. Jina lake Fisi. Lugha nyingine zikifika njia panda huchagua: ikiwa hivi, fanya hivi, la sivyo, fanya vile. Ubabe mtupu. Fisi hunusa huku, hunusa kule, kisha hupita njia zote mbili. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Wahenga hawakuwa na kompyuta.

Asubuhi nzima nimetazama mawingu dirishani. Yalikuwa fisi wa kijivu, wakitembea taratibu. Bosi kauliza ripoti iko wapi. Nikasema iko njiani.

Jumanne, 5 Machi
Mchumba wangu, fundi cherehani, anataka jibu. Shangazi yangu aende kuniposea kwao Jumamosi au Jumapili? Jumamosi baba yake ana nafasi, Jumapili mama yake. Nampenda huyu binti hadi usingizi unanipaa. Nisikosee. Nikampa Fisi swali, pamoja na namba ya simu ya baba mkwe.

Jirani yangu wa meza, mjuaji yule, akasema nirushe sarafu. Mshamba.

Jumatano, 6 Machi
Fisi bado ananusa. Taa ya kompyuta inapepesa, feni yake inazunguka. Nikasinzia, nikaota harusi mbili, zote zangu, bibi harusi yuleyule. Raha iliyoje! Nimeamka na alama za kibodi shavuni. Jirani kacheka hadi akapaliwa.

Alhamisi, 7 Machi
Fisi kapita. Baba mkwe kapokea jumbe mbili kwa mpigo. Wa kwanza: tunakuja Jumamosi, Jumapili hatuji. Wa pili: tunakuja Jumapili, Jumamosi hatuji. Mzee kapiga simu kuuliza kama naposa mtu mmoja au pacha.

Mchumba hakufoka. Alisema kwa upole, na upole ule umeniuma, kwamba asiyeweza kuchagua siku hajamchagua yeye. Kesho saa nne niende nikamwambie mwenyewe, kwa kinywa changu.

Ijumaa, 8 Machi
Saa nne kamili, mlangoni kwake. Kafungua, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, macho mekundu. Kauliza nimeamua nini. Nikamwambia habari njema: tangu alfajiri nimemrekebisha Fisi, sasa anapita njia tatu. Jumamosi, Jumapili, au posa isiletwe kabisa. Hiyo ya mwisho niliiweka kwa ukamilifu tu.

Akasema hiyo ya mwisho ndiyo. Akafunga mlango, taratibu.

Nimekaa ngazini, nimelia. Kosa nimeliona. Njia tatu ni chache mno.