Jeneza Ndani ya Katiba ya Wazazi

Benchi la kahawa la Miraj liko ubavuni mwa kinu cha kusaga mahindi, hapa Voi, ndiyo maana wateja wake huongea kwa kupiga kelele hata siku stima imepotea na kinu kimenyamaza. Mkamburi alizisikia sauti zao kabla hajavuka barabara.

"Wazazi wa kule Mraru wamesamehewa kodi!" Timotheo alikuwa akitangaza, simu juu. Pale kijiweni jina lake ni Redio, tena redio isiyozimwa.

"Kwani walikosa nini?" Miraj akauliza, birika mkononi. "Mtu hasamehewi mpaka akose kwanza."

"Hawajakosa kitu! Ni kikundi cha kusaidia shule, si biashara. Wakiletewa msaada, serikali haimegi."

"Isimege? Wallahi hiyo si serikali, hiyo ni nyanya yako."

Wakacheka. Mkamburi hakucheka. Yeye ndiye katibu wa kikundi cha wazazi wa shule yao, ile ya upande wa Ndara, na kijiweni wanamwita Mama Risiti, kwa sababu hata ukitumwa chumvi atakudai risiti. Kampuni moja ya Mombasa ilikuwa imeahidi kuwawekea ua wa umeme wa sola, ndovu wakome kuingia shuleni. Sharti lilikuwa kikundi kiwe na cheti cha msamaha wa kodi. Asubuhi hiyo, maombi yao yalikuwa yamerudishwa.

"Yamerudi," akasema, akikaa mwisho wa benchi. "Na juu ya hayo nimechekwa. Mzee Serikali, hii katiba ulitutolea wapi?"

Serikali ni Wambua, karani wa chifu aliyestaafu. Aliweka kikombe chini taratibu. "Niliitoa kichwani."

"Kichwani! Sikiza: 'Mwanachama akifariki, kikundi kitamnunulia jeneza la mbao nzuri.' Yule afisa wa kodi ameniuliza shule yetu inazika wangapi kila muhula!"

Redio nusura aanguke. "Buda, ulinakili ya chama cha mazishi!"

"Si nilibadilisha jina pale juu?" Serikali akajitetea. "Ama wazazi hawafi?"

"Jeneza nimelifuta. Shida ni kifungu cha mwisho. Ati kikundi kikivunjwa, mali wagawane waanzilishi. Waanzilishi ni wewe, Redio na mimi. Wanataka tuandike kwamba mali itaenda kwa shule nyingine, na sisi tutie sahihi kuwa hatutapata chochote. Nataka kuirudisha leo."

Redio alikuwa na kipande cha kashata mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Chochote?"

"Hata msumari."

"Hapo nakataa," Serikali akasema. "Betri zile, waya wote ule! Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini."

"Umechuma nini, mzee? Umenakili."

"Kitoto hakijatambaa, nawe washaigawa sanda yake," Miraj akamwambia. "Huoni haya?"

"Haya ni ya vijana. Mimi nina magoti mabaya na sina pensheni ya maana."

Hasira zilimpanda Mkamburi. Alimkumbuka binti yake Fridah, siku ndovu waliposimama kando ya choo cha shule na watoto wakafungiwa darasani hadi mchana, wengine wakijikojolea. Alitaka kufoka. Lakini kufoka kwenye benchi lile ni kuongeza maji baharini, kwa hivyo akashusha sauti.

"Sawa. Hakuna cheti, hakuna ua. Tuendelee na zamu zetu za kusindikiza watoto alfajiri. Redio, kesho ni zamu ya nani?"

Redio akafikiri, kisha uso ukamchanua. "Kesho ni ya Serikali."

"Na yule ndovu dume angaliko?" Miraj akauliza.

"Leo alikuwa getini. Mama Linet, mwenye zamu ya leo, amempigia debe kumfukuza mpaka mkono ukafa ganzi. Ndovu anatafuna michongoma tu, akimwangalia."

Serikali akamgeukia. "Hilo debe nitalichukulia wapi?"

"Ndovu amelikanyaga."

Miraj alimmiminia kahawa nyingine bila kuombwa. Serikali hakuigusa.

"Leta kalamu," akasema.

Alitia sahihi kwa madoido ya ofisi ya chifu, Redio akafuata, Mkamburi akamalizia. Akakunja karatasi, akaitia kwapani na kuondoka mbio kuwahi ofisi kabla haijafungwa. Hata hajafika ng'ambo, nyuma kukachafuka tena.

"Siku ya kuzindua ua, mgeni wa heshima ni mimi!" Serikali alikuwa akinguruma. "Hakuna mwingine aliyeacha betri na waya kwa ajili ya watoto!"

"Wee! Mimi nilikuwa nishazipigia hesabu nguzo za ua kwa banda langu la kuku!" Redio akajibu. "Nimejinyima kukuliko!"

Mkamburi akacheka peke yake barabarani, akaongeza mwendo, asije mmoja wao akadai arudishiwe sahihi yake.