Marufuku ya Mkono Wangu

Jamani, leo nimeaibika, tena kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nimeamka kwangu Magarama, Gitega, hapa Burundi, nikapanda gari hadi Muyinga na neno moja kifuani: kumwambia Mwajuma nataka kumwoa. Ni mjane, ana mgahawa karibu na soko. Miezi minne sasa sipiti Muyinga bila kukaa kwake. (Hata nikiwa na safari ya Itaba, hapo jirani na Gitega, napitia Muyinga, mbali kule.)

Nimefika tu, ananipa ubao na rangi.

"Kaka, we ulisoma Tanzania. Niandikie: tafadhali, usikae hapa kutwa na chai moja."

Nikacheka. "Tafadhali ni ya kumbembeleza mtoto ale. Weka MARUFUKU!"

"Si iko kali sana?"

"Ndiyo dawa yao! Ukisema 'si vizuri', mtu anakubali, halafu anabaki. Marufuku haina msamaha. Shuleni kwetu, kule kambi ya wakimbizi, mwalimu mkuu aliandika marufuku kukanyaga maua, hata mbuzi walizunguka." (Nikiikumbuka shule ile huwa sinyamazi.)

Wateja wakaacha kutafuna. Nikaandika kwa herufi nyekundu: MARUFUKU KUKAA KUTWA NA CHAI MOJA. Chini nikaongeza, bila kuombwa: HATA KAMA MNAFAHAMIANA. Nikautundika mwenyewe.

Kisha nikakaa kwenye kiti changu cha pembeni. Nikaagiza chai. Moja. Nikasubiri watu wapungue niseme langu. Saa saba, chai imeshapoa, na watu hawapungui. Wananitazama, wanautazama ubao.

Fundi cherehani mmoja, mzee, akashindwa kuvumilia. "Mwajuma, hao watu wa chai moja ni nani na nani?"

"Ni mmoja," akasema Mwajuma, huku anafuta meza yangu. "Mi nilitaka nimwambie pole pole, na tafadhali. Ni yeye mwenyewe amekataa."

Mgahawa ukalipuka! Mzee akapiga meza. "Yooo! Mwalimu wa marufuku!"

Nikasimama, jasho linanitoka. Liwalo na liwe. "Mwajuma, mi nilikuja kukuomba unikubali nikuoe!"

Hata wa jikoni wakachungulia.

"Nimesikia," akasema. "Agiza kwanza."

Nimeagiza maharage, ndizi na chai ya pili. Jibu bado. Naandika haya huku natafuna, tena taratibu sana.

Nawaomba msicheke. Watu wengine husingizia kwamba hawakuelewa tangazo. Mimi hata hilo siwezi.