Muhuri wa Fait Accompli

Jumatatu, 3 Machi. Mawingu, manyunyu mepesi. Kikaoni tumelalamika kwamba ratiba mpya imebandikwa bila sisi kuulizwa. Meneja akajibu kwa utulivu, "Hiyo ni fait accompli." Nimefungua kamusi ya Kiingereza: kumbe usemi huo wameuazima kwa Wafaransa. Maana yake, jambo lililokwisha kutendwa, wengine hawana budi kulikubali. Miaka kumi na tisa naomba, naandika, nasubiri. Kumbe wenzangu hutenda kwanza!

Alhamisi, 6 Machi. Jua kali. Mkuu wa Masjala anastaafu kesho. Cheo ni haki yangu. Kila faili nalijua kwa namba. Mpinzani mmoja tu: Tabasamu. Namwita hivyo kwa sababu meno ndiyo sifa yake pekee. Kaja juzi, hajui hata faili la likizo linakaa kabati gani. Nimeagiza muhuri: MKUU WA MASJALA. Fundi akauliza kama aweke na jina. Nikasema cheo kinatosha, jina wanalijua.

Jumamosi, 8 Machi. Joto. Mlinzi kanifungulia. Nimeingiza meza yangu chumba cha mkuu, dirishani. Nimepanga upya mafaili yote na kubandika orodha ukutani, ili hata mgeni aone kila kitu kilipo. Kiuno hakifai. Nyumbani nikamsimulia mama. Akasema, "Mwanangu, umehamia kwa mume ambaye hajakuposa." Mama hajui Kifaransa.

Jumatatu, 10 Machi. Upepo na vumbi. Kufika saa nne nimegonga muhuri barua arobaini na moja. Meneja akaingia, Tabasamu nyuma yake. Akakisifu chumba, akauliza kazi ya nani. Yangu, nikasema, nimesimama wima. Akanishukuru kwa kumwandalia mkuu mpya ofisi. Barua ya Tabasamu ilisainiwa tangu Jumatano!

Nikajitetea kwamba barua zimeshagongwa muhuri. Tabasamu akauchukua, akaugeuza.

"Dada, hauna jina. Utanifaa."

Nikamwambia Meneja nimeshahamia, hiyo ni fait accompli. Akacheka hadi akavua miwani. Akanieleza kwamba usemi huo ni wa mwenye madaraka. Asiye nayo akitenda kwanza, kinaitwa kimbelembele.

Jumanne, 11 Machi. Mvua. Nimeirudisha meza mwenyewe, hakuna aliyeshika hata mguu mmoja. Pahali pangu pa zamani pana mtu. Nimekaa karibu na mlango wa choo. Tabasamu kalipata faili la likizo bila kuuliza. Kasoma ukutani, kwa mwandiko wangu.

Nimeirudia kamusi mara tatu. Kosa nimeliona: nilitenda nusu nusu. Jumamosi nabadilisha kitasa cha chumba cha mkuu. Fundi nimeshaongea naye.

Saa nane na dakika tano usiku. Nalala.