Waraka wa Kutompita Mkurugenzi

Waliohudhuria kikao cha nne cha Kamati ya Utimamu wa Mwili ya Idara walikuwa hawa: Mkurugenzi, mwenyekiti, Naibu Mkurugenzi, makamu mwenyekiti, Afisa Itifaki, mjumbe, Dereva wa Mkurugenzi, mwakilishi wa watumishi wa ngazi za chini, na Karani wa Masjala, mwandishi wa kumbukumbu. Hakuna aliyetoa udhuru, kwa kuwa fomu za udhuru zilikuwa zimekwisha.

Mkurugenzi alifungua kikao kwa tangazo zito. Idara, alisema, imepewa heshima ya kupeleka wakimbiaji sita katika mashindano ya kilomita kumi ya watumishi wa serikali, yatakayofanyika baada ya wiki nane. Kwa sababu hiyo, Idara nzima itakuwa na afya njema ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri.

"Watumishi wote, bosi?" aliuliza Dereva.

"Wote. Walioko likizo watakuwa na afya wakirudi."

Karani wa Masjala aliandika neno kwa neno, kama alivyofanya kwa miaka kumi na tisa. Lakini aliposikia "kilomita kumi", kalamu yake ilisimama. Mwaka uliopita alijiandaa kwa mbio hizo hizo kwa pupa, akaongeza umbali maradufu ndani ya wiki mbili, akaumia ugoko, na siku ya mashindano akawa mtazamaji mwenye fimbo. Safari hii alianza mapema. Kila wiki aliongeza kidogo tu, akaandika katika daftari, akapumzika ilipopasa. Alikuwa anautafuta muda wa chini ya dakika hamsini na mbili, na alikuwa amebakiza hatua chache kuufikia. Alichohitaji sasa ni nafasi moja kati ya zile sita.

Kesho yake zilitoka nyaraka tatu. Waraka Namba Moja ulihusu mpangilio. Mkurugenzi atakimbia mbele. Naibu atamfuata kwa umbali wa mita mbili, na wengine watajipanga nyuma kwa kadiri ya vyeo vyao hadi mfagizi wa mwisho. Mwendo wa Mkurugenzi ndio mwendo rasmi wa Idara. Mtumishi atakayetaka kumpita mkubwa wake wa kazi atajaza fomu nakala tatu, ataeleza anakoharakia, kisha atapata saini ya anayepitwa. Waraka Namba Mbili ulieleza kwamba mazoezi ni kila siku ya kazi bila kukosa. Waraka Namba Tatu ulihusu majeraha, na ulikuwa na sentensi moja: mtumishi anayetarajia kuumia atatoa taarifa kwa maandishi siku saba kabla.

Mazoezi yakaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi katika barabara inayozunguka ofisi. Mzunguko mmoja ni kilomita moja kamili, pamoja na kimlima nyuma ya ghala. Mkurugenzi alikimbia kama mtu aliyebeba trei ya glasi. Simu yake ikilia, alisimama, na watumishi arobaini walisimama. Akiinama kufunga kamba za raba, mstari mzima uliinama kidogo, kwa tahadhari. Siku ya tatu Dereva, mwenye miguu mirefu kuliko cheo chake, alimpita Naibu kwa hatua nne. Akaandikiwa barua ya kujieleza.

"Nilikuwa kwenye mteremko," alijieleza mbele ya Kamati. "Miguu ilitangulia, mimi nikaifuata."

"Ungeirudisha," alisema Mkurugenzi.

"Nilijaribu, mzee. Nikagongana na Mhasibu."

Akasamehewa, lakini aliamriwa kwenye mteremko atembee.

Kwa Karani mambo hayakuwa ya kuchekesha. Kukimbia nyuma ya Mkurugenzi kulikuwa kukimbia na breki: kuondoka, kusimama, kuondoka tena, kusimama. Wiki ya pili ule ugoko wa mwaka uliopita ukaanza kumkumbuka. Jioni aliketi jikoni, mguu juu ya kigoda, na dada yake, ambaye ni muuguzi, akamwekea barafu iliyofungwa kitambaani.

"Umekimbia wapi mpaka umevimba hivi?"

"Sijakimbia, dada. Nimemfuata bosi."

"Basi mguu wako unaumwa na adabu. Nisikilize mdogo wangu. Pumzika siku mbili kwa wiki, na siku nyingine ukimbie kwa mwendo wako."

"Mwendo wangu haujaidhinishwa."

Dada yake alibonyeza barafu kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Karani hakuwa mtu wa kukiuka taratibu. Aliandika dokezo la heshima, akaomba siku mbili za mapumziko. Majibu yalirudi baada ya siku nne, yakiwa na saini ya Afisa Itifaki. Mapumziko ni likizo, na likizo hairuhusiwi kipindi cha maandalizi. Hata hivyo, kwa kuzingatia utu, Kamati ilimruhusu mwombaji kupumzika wakati anakimbia.

Alizisoma nyaraka zote tatu upya, mstari kwa mstari, na akabaini kwamba hakuna hata mmoja unaosimamia saa kumi na moja alfajiri. Kuanzia hapo, mara tatu kwa wiki, alikimbia peke yake katika uwanja wa shule ya jirani. Alianza kwa kutembea, akapasha misuli moto, kisha akaiachia miguu iende inavyojua. Saa kumi na mbili na nusu alijiunga na mstari wa Idara na kutembea mkiani kwa mwendo wa kwenda dukani. Hakuachwa hata siku moja. Uvimbe ukapungua, ukaisha.

Wiki tatu kabla ya mashindano kilifanyika kipimo, siku kadhaa mfululizo. Kila mtu alikimbia mizunguko kumi peke yake, na Karani, kwa kuwa ni mtu wa kumbukumbu, alikabidhiwa saa. Zamu yake ilipofika, Dereva ndiye aliyeishika. Mzunguko wa tisa alipanda kile kimlima na kushangaa kwamba pumzi bado ilikuwepo. Alipomaliza, Dereva alimwonyesha saa, akashindwa kujizuia.

"Hamsini na moja! Mama, wewe ni wa masjala kweli, au umejificha huko?"

Karani alikaa chini kwenye nyasi akacheka mpaka akatoa machozi. Dereva mwenyewe alikuwa amekimbia dakika arobaini na sita, mteremko akiutembea.

Kipimo kilipokwisha alipeleka matokeo kwa Naibu, ambako Afisa Itifaki naye alikuwepo.

"Mkurugenzi amepata ngapi?" aliuliza Naibu.

"Dakika tisini na tano."

Afisa Itifaki akafunga mlango.

"Humo ndani kuna simu alizopokea," alisema. "Mtu anapozungumza na simu hakimbii, anafanya kazi. Ni dakika ngapi?"

"Ishirini na mbili," alijibu Karani, aliyekuwa amezipima pia.

"Ziondoe. Na kusalimiana na wageni getini?"

"Kumi na nne."

"Hizo ni za uhusiano wa umma. Ziondoe."

"Na kile kimlima," Naibu alidakia. "Kimlima si kosa la Mkurugenzi. Amekikuta. Toa kumi na sita."

"Zimebaki arobaini na tatu," alisema Karani.

"Bado hatujaweka uzoefu," alisema Afisa Itifaki. "Ana miaka thelathini ya utumishi. Nusu dakika kwa kila mwaka, si tunaelewana?"

Zikabaki ishirini na nane. Naibu aliitazama namba ile kwa upole, kama mtu anayemtazama mwanawe akihitimu. Kisha yeye mwenyewe akapewa thelathini na tano, Afisa Itifaki thelathini na nane, na wakuu watatu wa vitengo arobaini kila mmoja.

"Na mimi ni hamsini na moja," alisema Karani. "Bila kutoa kitu."

"Hapo pana tatizo," alisema Afisa Itifaki. "Mhasibu yuko juu yako kwa ngazi tatu, naye tumempa saa moja na nusu. Wewe itabidi uwe saa moja na dakika arobaini."

"Lakini saa ilisema..."

"Usijisikie vibaya, dada. Si wewe uliyechelewa. Ni cheo chako."

Orodha ya wakimbiaji sita, pamoja na muda wao, ikapatikana bila ubishi: Mkurugenzi, Naibu, Afisa Itifaki na wakuu watatu wa vitengo. Kwa kuwa barua zote za Idara hupitia masjala, ni Karani mwenyewe aliyeigonga muhuri, akaiandika katika rejista ya barua zitokazo na kuitia katika bahasha ya kwenda Wizarani. Wiki thelathini na nne za mazoezi zikaondoka kwa mkono wake mwenyewe. Aliporudi kitini alipanga upya kabati ambalo halikuwa na kasoro.

Siku tano kabla ya mashindano jibu lilifika kutoka Wizarani. Kamati iliitwa kwa dharura, na Karani akaamriwa asome kwa sauti.

"'Mheshimiwa Waziri,'" alisoma, "'amepokea kwa furaha isiyo kifani taarifa kwamba Mkurugenzi wenu anakimbia kilomita kumi kwa dakika ishirini na nane. Wizara haikujua kwamba ina mtu wa aina hii. Kwa hiyo Mkurugenzi ameondolewa katika mbio za watumishi na kuingizwa katika mbio za wanariadha wa kulipwa, atakakovaa namba moja. Mheshimiwa Waziri atasimama kwenye utepe, pamoja na bendi, kuanzia dakika ya ishirini na saba.'"

Mkurugenzi aliomba barua aione. Aliisoma mara mbili, akaigeuza, labda nyuma pameandikwa jingine.

"Nani alipeleka ishirini na nane?"

Naibu aliangalia dari. Afisa Itifaki aliangalia pale ambapo Naibu alikuwa anaangalia.

"Tuseme umeumia, mzee," alinong'ona Naibu.

"Waraka Namba Tatu unataka siku saba," alisema Karani. "Zimebaki tano."

Mkurugenzi alimgeukia Karani. "Dada, hebu niambie ukweli. Mimi nakimbia dakika ngapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo katika jengo lile. Karani aliweka kalamu chini.

"Tisini na tano, mzee."

"Kwa hiyo Waziri atasimama pale na bendi..."

"Saa moja na dakika nane, mzee. Kama simu hazitazidi za siku ile ya kipimo."

Dereva aliomba ruhusa ya kukohoa. Mkurugenzi aliitazama namba moja iliyoambatishwa kwenye barua, kubwa, nyekundu, yenye pini zake nne.

"Na wewe?"

"Hamsini na moja. Dereva, arobaini na sita. Mpishi wa kantini, hamsini na tatu. Wapo na wengine, mzee, ila si wa ngazi zako."

Mkurugenzi akasimama, akavuta koti, akarudisha ile sauti yake ya matangazo.

"Kikao kimeazimia yafuatayo. Kwanza, Wizara itaandikiwa leo kwamba muda wa Idara umehuishwa, na utapelekwa kama saa ilivyosema. Naibu atasaini, kwa kuwa hesabu zilikuwa za kwake. Pili, watakaokimbia ni sita wenye kasi kuliko wote, na kiongozi wa kikosi ni Karani wa Masjala. Atawapumzisha na kuwakimbiza anavyoona yeye. Tatu, Naibu na Afisa Itifaki watakuwa Maafisa Waokota Vikombe. Nne, Mkurugenzi ameteuliwa kuwa Mratibu Mkuu wa Maji, kituo cha kilomita ya saba, na atakuwa hapo saa kumi na moja alfajiri kupanga meza. Kikao kimefungwa. Dada, andika hivyo hivyo, usipunguze kitu."