Mswaki, Koo Langu na Ijumaa ya Madamu Pokuaa

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi, yale yale. Mswaki umefika kwenye magego, koo likapiga kelele: hooogh! Bata wa jirani wakatawanyika. Machozi, kamasi, kila kitu. Nimezoea. Lakini leo nimegeuka nikamwona Nhyira wangu, miaka miwili na nusu, ameinama penye mfereji wa uani na kijimswaki chake. Anasugua kidogo. Anatulia. Hooogh! Kisha anasuuza na kutabasamu.

Mungu wangu! Mtoto anadhani ni sehemu ya kazi!

Sauti yangu kabisa, hadi mkono kiunoni. Mtoto wa miaka miwili na nusu!

Raha ikaisha chekechea. Madamu Pokuaa, mwalimu wake, amenivuta pembeni. Kwake watoto hupiga mswaki pamoja baada ya koko, uji wao wa asubuhi, na sasa darasa zima linafanya hooogh. Wengine wamerudisha uji kwelikweli. Wazazi wamechachamaa. Ijumaa niende mwenyewe, nipige mswaki mbele ya watoto, kimya, wanione na wasahau. Nikishindwa, Nhyira akae nyumbani.

Akae na nani? Saluni ninakojifunza kusuka hawataki mtoto hata mlangoni. Bila chekechea, kwaheri ufundi.

Nimemwambia Madamu asiwe na wasiwasi kabisa. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumanne, 4 Machi

Nimempeleleza Anti Dufie, mpangaji mwenzangu. Yule mama ni maajabu! Mswaki unazama wote. Anasugua ulimi kama sufuria iliyoungua, huku akisalimia wapita njia, akimgombeza anayemaliza maji ya bomba, akiuliza bei ya mihogo. Povu halidondoki hata tone. Mdomo ule una vyumba na sebule!

Nikamwomba siri yake. Akacheka hadi akashika ukuta. "Mama Nhyira, koo lako ni binti wa chifu, halipitwi bila kubisha hodi!" Kisha akanihurumia: nikunje kidole gumba cha kushoto ndani ya ngumi, nibane sana.

Nimebana hadi gumba limekufa ganzi. Nimefika mbali ambako sijawahi kufika. Halafu hooogh. Na pembeni yangu, hooogh ndogo, na kijingumi kimekunjwa vizuri sana.

Baba Nhyira anashauri nirudie sawe, zile nyuzi za kutafuna za bibi zetu. Nikasema Madamu anataka mswaki. Akasema basi nitafune mswaki. Mume nimepata!

Jumatano, 5 Machi

Jana mteja saluni aliniambia kwamba mtu akiimba puani, mmm-mmm, koo linasahau kutapika. Nikachagua wimbo wa mazishi, maana ule hauishi upesi. Nikasimama uani, macho nimefumba, ngumi nimekunja, naimba puani.

Ajabu kubwa! Mswaki unatembea! Gego la mwisho nimeligusa. Miaka yote lilikuwepo na hatujawahi kusalimiana! Machozi yakanitiririka kwa furaha.

Nikasikia sauti nyingine zinaitikia. Nikafumbua jicho moja. Uani mzima umesimama! Wameona povu, machozi, ngumi na wimbo, wakajua Roho ameshuka. Eno Konadu, bibi mwenye nyumba, amevua kandambili. Anti Dufie, ambaye ndiye kiongozi wa maombi kanisani kwao, akaja mbio, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso na kusukuma kama wanavyosukuma wakitoa pepo. Kichwa kikaenda nyuma. Mswaki ukaenda kwenye kimeo.

Hooogh! Chai na mkate, vyote nje.

"Pepo limetoka!" akapaza sauti. "Limetoka lenyewe!"

Uani ukalipuka. Mtu akapiga ndoo kama ngoma. Eno Konadu alilia kwa shukrani. Nilitaka kueleza, lakini utaanzia wapi mbele ya furaha kama ile? Nikasema amina.

Alhamisi, 6 Machi

Watu wanaamka kunisalimia kwa kupiga goti. Mama mmoja ameniletea kuku anayechechemea nimwombee. Nimemwombea. Baadaye ametembea vizuri! Nimeogopa kidogo.

Mazoezi sijafanya. Nitafanyaje na mashahidi wote hawa?

Ijumaa, 7 Machi



Watoto walikuwa kwenye viti vidogo, macho kwangu. Nikataka kuwaonyesha ushujaa, nikaanzia nyuma kabisa. Nikaimba puani. Mmoja akacheka, nami nikacheka. Wimbo ukakatika.

Hooogh!

Na safu nzima, kutoka dirishani hadi mlangoni: hooogh!

Madamu akaenda ukutani. Akatungua mkoba wa Nhyira msumarini. Mkoba ule mdogo mkononi mwake!

Hapo Nhyira akainuka. Akanigonga goti. "Maa, kaa." Nikakaa sakafuni. "Inama." Nikainama. Akatia kijimswaki chake mdomoni mwangu, akaanza na meno ya mbele, polepole, ulimi umemtoka kwa bidii. Jino moja, na jirani yake. Uso wake ulikuwa karibu kiasi kwamba niliona jasho juu ya mdomo wake. Mtu huyu nilimzaa mimi? Nikasahau kwamba nina koo. Akafika nyuma. Kimya. Akageuza, akamaliza upande wa pili. Kimya!

Madamu akaurudisha mkoba msumarini.

Amenieleza baadaye: mswaki mdogo, kichwa chini, anzia mbele, taratibu, basi. Nhyira anayajua yote siku nyingi. Hooogh alikuwa anaifanya kwa kumheshimu mama yake.

Nililia njia nzima hadi saluni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafakari sana. Kilichoniponya kiko wazi: ushujaa! Nimekwenda sokoni nikanunua mswaki mkubwa kuliko yote, mgumu kama brashi ya viatu. Nimemtangazia Anti Dufie mashindano, ulimi hadi mwisho kabisa, mbele ya uani wote. Ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimemwambia ajiandae kuaibika.

Naandika haraka, wananisubiri. Nhyira ametangulia. Ameburuta ndoo peke yake, ameiweka mahali nitakaposimama, kisha amekaa kando akiwa na taulo. Mtoto wa ajabu! Sijui ni za nini.