Kahawa ya Boga Mlangoni mwa Kanisa

Jumatano, 31 Oktoba 2018. Carrollton.

Nimeduwaa. Mtaa mzima huku ugenini umepanga maboga mlangoni, yametobolewa macho na meno, yanangoja kuoza. Hakuna anayeyala! Jirani anasema ni pambo.

Hata hivyo yamenipa wazo. Avelina, kiongozi wa kwaya yetu ya Kiswahili, anapenda sana ile kahawa ya boga na viungo inayouzwa msimu huu. Jumapili ni Misa ya kumwombea marehemu mama yake. Aliiomba tangu Agosti. Siku hiyo akinywa kahawa yangu, ataniona. Kwa sasa anamwona Placide tu, yule Mrundi anayemimina kahawa ukumbini kila Jumapili baada ya Misa. Mimi Mhaya, nimekulia kwenye mibuni, nashindwa kahawa! Inaniuma.

Ijumaa, 2 Novemba.

Nimechemsha boga. Mdalasini, tangawizi, karafuu, kungumanga. Nikasaga vyote vikiwa vya moto. Mfuniko wa blenda ukaruka hadi darini. Sikuamini macho yangu. Rangi ya chungwa kila mahali, hadi kwenye picha ya Bikira Maria. Nimemfuta kwanza yeye.

Jaribio la pili: tamu ajabu. Sikujua kama ninaweza.

Placide alipiga simu, akaomba tu-share meza yake ya ukumbini. Nikamjibu nitafikiri. Nimekwisha fikiri. Yeye humimina baada ya Misa. Mimi nitamimina kabla. Wakifika kwake, hamu imekwisha. Akili ya kuzaliwa hii.

Jumapili, 4 Novemba.

Sijui nianzie wapi. Nilisimama mlangoni mapema, baridi ikanisaidia. Kwaya nzima ilikunywa. Wazee wa kanisa wakaongeza. Avelina alikunywa vikombe viwili, akasema Kaka Gelasius, ume-make my day, tena leo. Nusura nilie. Placide akaja mbio, akaninong'oneza jambo kuhusu kufunga. Nikamwambia aache wivu, tuko kanisani.

Ukafika wakati wa komunyo. Padri Émile akashuka altareni, akasimama, akangoja. Hakuinuka mtu. Kwaya ikaanza wimbo, sauti zikafa moja moja. Watu wakatazamana, kisha wakanitazama mimi. Saa nzima kabla ya komunyo huli wala hunywi, ila maji! Tulifundishwa tukiwa watoto. Wao walisahaulishwa na harufu, mimi na mapenzi. Aliyekwenda mbele ni Placide peke yake.

Padri aliniambia baadaye alidhani parokia yote imeanguka katika dhambi moja kwa usiku mmoja. Alikuwa mweupe kama kanzu yake. Avelina alibaki kwenye benchi akilia. Misa ya mama yake, na hakukomunika. Niliumia kweli. Sikuweza hata kubeba vikombe vilivyobaki.

Jumatano, 7 Novemba.

Padri amekubali kurudia nia ile ile, ya mama yake Avelina, kwenye Misa ya leo jioni. Tangu Jumapili natafakari kosa langu, na nimelipata. Ni boga, maziwa na sukari. Hivyo ni chakula, ndiyo maana. Kahawa tupu yenye karafuu ni maji yaliyobadilika rangi, basi.

Nikawahi mlangoni na chupa ya hiyo kahawa tupu, nimwombe Avelina msamaha kabla hajaingia. Akashuka kwenye gari, akaiona chupa, akaganda. Hakuniita kaka. Aliuliza tu kama mimi ni mzima. Kisha akamwomba Placide amshike mkono, wakazunguka wote wawili kuingia kwa mlango wa sakristia.

Hadi sasa nimeduwaa. Nadhani ni ile sukari niliyoitoa. Ningemwachia kijiko kimoja.