Mzimu Aliyeitikia Shikamoo

Jumanne, 24 Juni

Siku ya kihistoria. Iandikwe hivyo.

Mama Shamimu, mwenye banda ninalopanga hapa Mikumi, alikuja asubuhi kabla sijafagia. Akayatazama mabenchi matupu. Akasema siku hizi kila mtu ana filamu zake kwenye simu, hakuna anayetaka kubanana gizani na jasho la mwenzake. Akasema kama banda halijai Saba Saba, anaweka kuku. Kuku wa mayai! Ndani ya Ukumbi wa Sinema wa Octavian! (Wateja wanauita kibanda umiza. Wivu tu.)

Niliumia. Sina sababu ya kuficha, hapa niko peke yangu. Miaka yote nimekaa pale mlangoni nikisikia watu wakishusha pumzi kwa pamoja, na sijui kazi nyingine wala siitaki. Ugali wa mchana sikuumaliza.

Jioni wazo likaja. Mzimu wa Mkondoa! Filamu iliyopigwa Kilosa nikiwa kijana, enzi za kanda. Ilipotoka, watu waligoma kwenda mtoni peke yao. Hata wanaume. Kanda yenyewe ililiwa na deki ya video zamani, lakini mtaje mzimu yule mbele ya mtu mzima wa Kilosa uone anavyogeuka nyuma. Na nani alicheza humo? Mimi. Ule mkono unaotoka majini na kumshika mtu kifundo cha mguu ni wangu. Sehemu nyingine za mwili hazikuonekana, lakini mkono ndio uliobeba filamu.

Nitaitengeneza upya. Ile ya zamani ilikuwa na kasoro moja kubwa: giza. Unasikia matete yanachakacha, unaona kipande cha shuka jeupe, basi. Mzimu mwenyewe humwoni! Yangu itaonyesha kila kitu.

Ida, mke wangu, aliuliza kama kuku wa mayai hawana faida.

Alhamisi, 26 Juni

Kilosa. Nimempata Bibi Yunis, mzimu wa awali! Zamani zile alikuwa ameshuka tu kutoka Mamboya, hakuna aliyemjua. Sasa anakaa kwa binti yake hapa mjini, kichwa chote mvi, na nusu ya wilaya imepita kwenye darasa lake la Jumapili. Uso wa heshima. Utaonekana vizuri sana.

Nilimwamkia, nikamweleza. Alikubali kwa masharti. Hatoki usiku, kwa sababu ya magoti na umande. Hatatamka laana. Nilikubali yote. Usiku unatengenezwa: unang'oa kioo cha bluu kwenye miwani ya jua, unakiweka mbele ya simu. Wengine husomea mambo haya miaka mitatu.

Nilipokuwa naaga alisema, "Octavian mwanangu, zamani hamkuniona. Ndiyo maana mliogopa."

Nilicheka kwa adabu. Wazee!

Stendi nilikutana na Timotheo, yule mpiga video za harusi. Ana droni na haachi kuitaja. Alitaka kunisaidia bure. Bure! Anatafuta jina. Nilimwambia mzimu wangu anatembea kwa miguu.

Jumamosi, 28 Juni

Msowero. Mkondoa pale Kilosa umejaa wafua nguo na waosha pikipiki, kwa hiyo nimeuhamishia kwenye kijito cha huku. Mto ni mto.

Rafiki yangu Saibulu, mfugaji, alileta ng'ombe wake, mkewe Naisula na watoto wao, Seuri, Nashipai na Resiato. Kazi yao: wananywesha mifugo, mzimu anatoka mateteni, wanatawanyika wakipiga kelele. Yoeli wa bodaboda ndiye shujaa. Ana uso wa kijasiri, halafu pikipiki ndiyo iliyotuleta.

Mara ya kwanza. Bibi Yunis akatoka mateteni, shuka jeupe, mikono mbele. Alitisha! Watoto wa Saibulu wakamtazama. Wakaenda mbele yake, wakainamisha vichwa. Naye akawagusa mmoja mmoja, taratibu, mpaka mdogo. Nikasimamisha. Saibulu akanieleza kwa upole kwamba mtoto hampiti mzee mwenye mvi bila kumpa kichwa. Nikamwambia huyu si mzee, ni mzimu. Akauliza kama mzimu huyo alikufa kijana.

Mara ya pili. Shujaa peke yake. Mzimu akatoka. Yoeli akarudi nyuma hatua moja, vizuri kabisa, halafu akasema shikamoo. Bibi akaitikia marahaba, akamuuliza mama yake anaendeleaje na mguu.

Mara ya tatu nilimwonya Yoeli asifungue mdomo. Hakufungua. Bibi Yunis akashusha mikono, akasimama tu. Nilimuuliza kulikoni. Akasema anamsubiri kijana amwamkie, yeye hawezi kumtisha mtu ambaye hawajasalimiana. Yoeli jasho lilimtoka. Akaamkia. Kazi ikaendelea.

Mara ya nne alinitokea mimi na simu yangu, uso mzima, karibu kabisa. Kwenye picha inasikika sauti ya mwanamume ikisema shikamoo. Ni Yoeli. Yoeli alikuwa amekwenda vichakani kuchimba dawa, lakini ni Yoeli.

Ng'ombe hawakukimbia. Waliendelea kunywa. Nimepata picha nzuri sana za ng'ombe.

Jumatatu, 30 Juni

Leo mkono. Nilizama kijitoni, Ida akashika simu. Mkono ukatoka majini. Ule ule! Una nguvu, una siri. Nilipoutazama baadaye niliona nimesahau kuvua saa. Ida alisema aliiona. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema aliambiwa apige picha, si azungumze.

Haidhuru. Mizimu nayo ina muda wake.

Jumatano, 2 Julai

Nilimtumia Timotheo kipande kidogo, kile cha Bibi na Yoeli. Lengo lilikuwa aumie roho. Akakiweka kwenye status yake! Kimesambaa Kilosa, Mikumi, mpaka Berega. Watu wanajibu kwa vile vikatuni vya nyuso zinazotiririsha machozi. Nimepokea nyuso nyingi mno. Wanalia! Kipande tu, wanalia. Itakuwaje filamu nzima?

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Banda limejaa. Narudia: limejaa. Watu mpaka madirishani, wengine wamekalia madumu. Mama Shamimu alikaa mbele na bintiye. Bibi Yunis alikuja na akina mama wa kanisani. Timotheo alisimama nyuma akijifanya hana wivu.

Nikawasha. Matete yakatikisika. Kimya. Kimya kile ninachokijua, cha kifuani! Nilitaka kulia. Mzimu akatoka.

Ukumbi mzima ukasema, "Shikamoo bibi!"

Na mzimu, pale ukutani, akaitikia marahaba.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Benchi la tatu lilianguka na watu wake. Mwanzoni nilijua ni hofu imewazidi. Kisha nikaona meno. Ulipotokea mkono wangu, mjinga mmoja aliuliza saa ngapi, na mwenzake akamsomea.

Ilipokwisha walitaka irudiwe. Mama Shamimu alikuja akijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Akasema suala la kuku limekwisha, banda ni langu, nionyeshe filamu hii kila Jumamosi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Hajawahi.

Mtu mwingine angefurahi. Nimerudi nyumbani nimenuna. Walicheka! Filamu ya kutisha, wakacheka! Ile ya zamani hakuna aliyeichekea.

Jumanne, 8 Julai

Nimefanya uamuzi. Msanii wa kweli hahongwi kwa vicheko. Naondoa kila kinachochekesha.

Ida alinisihi niiache ilivyo. Alisema watu wamenipenda, nipendwe basi. Timotheo naye alipiga simu kuniambia filamu ni nzuri sana, nisiiguse. Hapo ndipo nilipojua lazima niiguse.

Nikampigia Bibi Yunis kumweleza kwamba amekatwa katika filamu nzima. Aliniambia hakuna neno, mwanangu, kisha akaniombea kwenye simu, maombi marefu, kwa vocha yangu.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeandika mlangoni: TOLEO LA HOFU KUU. Watu wakajaa tena. Wengine walikuwa wanafanya mazoezi ya kuamkia huko nje.

Nikawasha. Matete. Ng'ombe. Matete. Mkono. Wakasubiri. Ng'ombe. Mkono kwa mbali. Mtu akauliza bibi yuko wapi. Nikajibu kutoka mlangoni kwamba wasikilize ukimya. Wakausikiliza kidogo, kisha wakaanza kutoka. Wa mwisho aliniamkia kwa heshima zote, na mimi namzidi mwaka mmoja.

Waliobaki ni Ida, amelala, na Saibulu, aliyetoka Msowero kwa ajili yangu. Saibulu aliitazama mpaka mwisho. Kila ng'ombe aliyepita alimtaja kwa jina. Alinipa mkono, akasema ni filamu nzuri, ila yule wa mabaka alikuwa mgonjwa siku ile na inaonekana.

Mama Shamimu je? Alikuwa anapima dirisha kwa kamba, upana wa wavu wa kuku.

Jumapili, 20 Julai

Kuku wameingia tangu Alhamisi. Mama Shamimu amenipa kazi ya kuwalisha, kwa sababu ufunguo ninao na harufu nimeizoea. Nilipofungua mlango leo niliwakuta wamekaa kwenye mabenchi yangu, safu kwa safu, wote wanatazama ukutani. Nilisimama pale.

Kisha nikatazama vizuri. Banda limejaa! Na ukuta bado mweupe. Projekta ipo juu ya kabati. Nikawawashia Toleo la Hofu Kuu. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyetoka. Mkono ulipotokea, jogoo wa jirani aliyekuwa dirishani alikimbia. Nitawaonyesha kila siku wakati wa kula.

Jumatano, 23 Julai

Ushindi! Kuku hawatagi. Hata mmoja. Mama Shamimu aliingia akakuta viota vitupu, kuku wamerundikana kona moja, na mkono wangu ukutani. Alipiga kelele kuliko kuku wote.

Ida anasema ni mwanga, kuku yeyote akimulikwa hovyo anaacha kutaga. Ida hajui sinema.

Mama Shamimu amechukua ufunguo. Ameniambia mbele ya mashahidi kwamba filamu ile isiwashwe tena ndani ya banda, wala nje ya banda, wala mahali popote ambapo kuku wake anaweza kuisikia. Nilimwomba aseme tena, polepole, ili niandike vizuri.

Imepigwa marufuku! Ile ya zamani haikuwahi kupata heshima hiyo.